Mtumiaji wa Kawaida Ndani ya Nyumba Yangu

Nimewahi kuwasikia mke wangu na mkwe wangu wakinizika nikiwa hai, tena nimeshika kikombe cha chai.

Sikuwa naumwa. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa koridoni naelekea jikoni kuongeza sukari, ndipo sauti ya mkwe ikanigandisha.

"Mama, mzee tumtoe kwenye usimamizi kimya kimya. Tukimwambia mapema atapiga kelele."

Mke wangu akauliza, "Na hati zake?"

"Hati zote tunazihamisha kabla hajashtuka. Zikishatua huku kwetu, ile akaunti yake ya zamani tunaifuta. Inakuwa kama haijawahi kuwepo."

"Yeye anabaki na nini sasa?"

"Anabaki mtumiaji wa kawaida. Anaingia, anakaa, anaangalia. Kubadilisha kitu hawezi, mpaka aombe ruhusa."

Ndugu msomaji, hebu simama pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Usimamizi. Hati. Akaunti.

Nyumba nimeijenga kwa mikono hii, matofali mengine nimeyafyatua mwenyewe, halafu eti nibaki naingia, nakaa, naangalia, kama mpita njia anayesubiri mvua ikatike.

Moyo ulishuka hadi kwenye soksi. Na siku hiyo sikuvaa soksi.

Chai nikaimwaga kwenye chungu cha maua. Nikarudi chumbani kwa vidole vya miguu, nikapiga simu.

Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mdogo wangu. Huyu tunamwita Wakili. Sheria hajasoma, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo huwezi kubishana naye.

"Kaka, usile kitu humo ndani," akaniambia. "Wala usisaini."

"Kwa hiyo nife njaa?"

"Kunywa maji ya bomba. Jumamosi nakuja, tunakaa kikao."

Wa pili alikuwa mwanangu mkubwa, mume wa huyo mkwe. Dereva wa malori, mtu wa maneno machache, ndiyo maana nyumbani tunamwita Kimya. Nilimweleza kwa kirefu, machozi yakinilengalenga kidogo, mengine nikiyasukuma kwa makusudi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa Baba." Akakata.

Jumamosi ikafika. Sebule ikajaa watu wa familia na viti vya plastiki. Wakili alikuja na koti zito katikati ya joto, amebeba mkoba mtupu kabisa. Najua ulikuwa mtupu kwa sababu mkoba ni wangu, aliuazima kwangu.

Nikasimama. Mimi nikisimama kuongea huwa sikai upesi.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi bado napumua. Macho yanaona, magoti yanakunjuka yakibembelezwa. Lakini humu ndani kuna watu wameshanigawa. Hati zangu zinahamishwa. Akaunti yangu inafutwa. Usimamizi nanyang'anywa. Sasa nasema mbele yenu, sitoki. Anayetaka kusimamia mali yangu asubiri kwanza nife, na mimi sina ratiba hiyo."



Wakili akamgeukia mkwe wangu, akakohoa kikohozi cha kimahakama. "Binti yangu, unakiri au unakanusha?"

Mkwe alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Nikajua ni aibu. Kumbe mabega yanatikisika.

"Baba," akasema taratibu, "ni kompyuta."

"Kompyuta imefanya nini?"

"Tulikuwa tunaongelea kompyuta, Baba. Ile yako ya pale kona. Hati ni mafaili yako. Akaunti ni ile unayoingilia ukiwasha. Usimamizi ni usimamizi wa mashine."

Kicheko kilichoanzia kwenye viti vya plastiki kilizunguka sebule nzima, kikatoka nje, nadhani hata jirani alicheka bila kujua sababu. Mke wangu alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kimya, mwanangu, ambaye hajacheka tangu abalehe, alitoa meno.

Wakili akafunga ule mkoba mtupu. "Kesi imeahirishwa," akasema.

Mtu mwingine angecheka nao, yakaisha.

Mimi nilibaki nimesimama.

"Hata kwenye hiyo kompyuta," nikasema, "sitoki."

Hapa niwaeleze kidogo, msije mkanihukumu haraka.

Mkwe wangu ni fundi wa mitandao. Ofisi za watu zinamlipa aangalie kompyuta zao, na kazi hiyo anaifanyia kwenye chumba kilichokuwa stoo yetu. Humo ameweka dude moja linalonguruma mchana kutwa. Analiita seva.

Mimi kompyuta nimejifundisha mwenyewe baada ya kustaafu. Sikwenda darasani. Nilikuwa nabonyeza kila kitu kinachobonyezeka, naangalia kitatokea nini. Hiyo ndiyo shule yangu.

Basi siku moja nikaona mtandaoni programu ya kuongeza kasi. Nikabonyeza. Kesho yake wateja wa mkwe wakaanza kupiga simu wakiuliza kwa nini kompyuta zao za ofisini zinawauzia dawa ya kuotesha nywele.

Virusi vilitoka kwangu, vikapita stoo, vikaenda mjini. Ilibaki kidogo mkwe apoteze kazi. Hakunifokea. Alikusanya flashi zote za nyumba hii, akazifungia kwenye droo, akasema tu, "Pole kwa usumbufu, Baba." Ilikuwa afadhali anifokee.

Siku ile ya kikao alinieleza mpango wake kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto kiatu.

"Sasa hivi, Baba, jina lako limeandikwa ndani ya ile mashine peke yake. Inakujua yenyewe, na inakujua kama msimamizi, kwa hiyo ukibonyeza chochote inakubali. Nataka majina yote ya nyumba hii yakae kwenye seva. Ukiwasha na kuandika jina lako, mashine itaiuliza seva huyu ni nani na anaruhusiwa nini. Seva ikisema sawa, unaingia."

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kompyuta yangu, niliyoinunua mimi, ikaulize stoo kama mimi ni mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na stoo ikinikana?"

"Haitakukana, Baba."

Wakili, ambaye kesi yake ilikuwa imeahirishwa lakini mdomo haukuahirishwa, akauliza, "Na huyo msimamizi mpya, anaona kila kitu?"

"Anaweza kufungua folda ya mtumiaji yeyote, Baba Mdogo."

"Hata aliyoificha?"

"Hata aliyoificha."

Jasho likanitoka kwenye nyayo.

Kwa sababu mimi, ndugu msomaji, nina folda.

Unanisoma humu mtandaoni kwa jina la kubuni. Unazijua simulizi zangu. Unamjua Bi Kifaru, yule mke wa msimuliaji, anayekoroma mpaka majirani wanadhani mtu ana jenereta. Aliyemsema mbuzi mpaka mbuzi akaomba radhi. Aliyebishana na radi, radi ikahamia wilaya nyingine.

Watu wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza kama Bi Kifaru ni mtu wa kweli.

Sijawahi kujibu. Ninaishi naye.

Simulizi zote ziko kwenye folda ile, pamoja na ninazoandaa. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba naandika. Mke wangu simu yake ni ile ya vitufe yenye tochi, mtandaoni haingii. Nilikuwa salama kabisa, mimi na nenosiri langu.

Sasa picha iliyonijia ni hii: mkwe wangu, binti wa watu, anayenisalimia shikamoo asubuhi na jioni macho yakiwa chini, anafungua folda na kusoma jinsi baba mkwe wake alivyojificha kabatini siku Bi Kifaru alipoota meno mapya kwa hasira.

Ningehama mji.

Utaniuliza kwa nini sikuzifuta tu.

Nizifute? Kazi yangu, kwenye kompyuta yangu, kwa kuwaogopa watu ninaokula nao meza moja? Ng'o. Kuzihamisha nisingeweza, flashi ziko kwenye droo ya mkwe. Kuzifuta nisingekubali. Iliyobaki ilikuwa njia moja tu. Akaunti yangu isiguswe.

Nikapata silaha. Mkwe mwenyewe ndiye aliyenipa bila kujua. Alisema kwamba ili mashine ihamie kwenye mtandao wa nyumba, lazima msimamizi wake wa sasa aandike nenosiri lake.

Msimamizi wa sasa nani? Mimi.

Nikakausha, kama sijasikia.

Asubuhi ya kuhama ilipofika, mkwe alibisha hodi kwenye kona yangu, na kona yenyewe haina mlango. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba utuandikie nenosiri."

"Nimelisahau."

"Lakini, Baba, hivi sasa umeingia."

"Nimelisahau baada ya kuingia."

Akatazama chini. Nikamwona anapambana na heshima na ukweli, heshima ikashinda. Akaondoka.

Nikanyoosha miguu chini ya meza. Nilijiona jemadari. Nikasema moyoni, hapa nakaa, chakula wataniletea, na nikifa wanizike na kiti.

Ndipo mke wangu akaja. Ana taulo la vyombo begani.

"Sogea."

"Sisogei."

"Nimekwambia sogea, Baba Kimya."

"Na mimi nimekwambia. Hii ni yangu. Nenosiri sitoi, hata mkileta jeshi."

Akavuta kigoda, akakaa ubavuni pangu, akanipitishia mkono mbele ya kifua kama mtu anayechukua chumvi. Akaandika. Taratibu, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.

Likakubali.

Nikamwangalia kama nimeona meza inaongea.

"Umelijuaje?"

"Baba Kimya, wewe ukiandika unatamka. Kila asubuhi nafagia hapa nakusikia. K, i, f, a, r, u. Kama mtoto wa chekechea."

Kumbe ni kweli. Mimi nikiandika natamka herufi. Nimejifundisha mwenyewe, nani angeniambia?

"Nilidhani unajisifia," akaongeza. "Nikasema, mwache, uzee huo, kama anataka kujiita kifaru ajiite."

Kuna wakati hata mimi najua kunyamaza.

Mkwe akaitwa, akabonyeza mambo yake, mashine ikazima na kuwaka upya. Safari hii chini ya sehemu ya jina palikuwa na maneno mapya: Ingia kwenye NYUMBANI. Ndivyo alivyouita mtandao wake. Nyumbani. Nikatolewa nyumbani niingizwe Nyumbani.

Nikasubiri mkwe akae aandike jina lake, asimame kama msimamizi, anivue nguo.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema, "ingia wewe."

Mke wangu akakaa kwenye kiti changu. Maana nilikuwa nimeshasimama bila kujua. Akaandika jina lake. Akaandika nenosiri lake bila kutamka hata herufi. Kioo kikafunguka, na kwenye kona, kwa herufi ndogo safi, kikaandika jina la mke wangu na neno moja mbele yake.

Msimamizi.

"Huyu?" nikamuuliza mkwe. Sauti ilitoka nyembamba. "Huyu ndiye uliyempa?"

Mkwe akainamisha kichwa. "Baba, mimi siwezi kufungua mafaili ya baba mkwe wangu. Si heshima. Nilifikiria sana nani anafaa kuangalia vitu vyako vya ndani, nikaona ni Mama peke yake. Nimemfundisha asubuhi zile ulizodhani tunachambua maharage."

Halafu, kwa heshima zake hizohizo, akatoka kutuachia faragha.

Heshima ya yule binti ndiyo iliyonimaliza. Angekuwa na utovu wa adabu kidogo tu, ningepona.

Mke wangu akafungua folda.

Akasoma. Mwanzo kwa macho, baadaye kwa sauti. Ya mbuzi. Ya jenereta. Akafika kwenye ya radi akapunguza mwendo, akasoma kila neno kama mtu anayekagua chenji.

Nje kuna mtu alikuwa anapigilia msumari. Nakumbuka kila pigo.

"Bi Kifaru," akasema.

"Ni mhusika tu."

"Ana dera la bluu lenye tundu la pasi begani."

"Madera ya bluu ni mengi."

"Lenye tundu la pasi?"

Nikaangalia dari. Dari langu ni zuri, nilipaswa kuliangalia mara nyingi zaidi.

Akashika kipanya. Akazichagua simulizi zote kwa pamoja, zikageuka bluu toka juu mpaka chini. Kishale kikatembea, kikasimama juu ya neno Futa.

"Nifute?"

Sasa hapa ndipo mwanaume anapojulikana. Ningeweza kupiga magoti. 

Nikasema, "Futa. Nitaziandika upya zote, na safari hii nitampa pembe mbili."

Akanigeukia polepole.

"Kifaru si ana pembe mbili?"

"Wengine moja."

"Na mimi ukanipa moja."

Sauti yake sasa haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Tangu nimeingia nyumba hii, rangi ya ukuta umechagua wewe. Pazia umechagua wewe. Kabati nikitaka lisogee, mpaka nikuulize, na ukishaulizwa unasema utafikiria. Mimi nimekuwa mtumiaji wa kawaida kabla kompyuta haijaingia humu. Naingia, nakaa, naangalia. Nilipomsikia mkwe analisema hilo neno pale jikoni nilikaribia kumkumbatia, maana muda wote sikujua linaitwaje."

Mlitegemea niseme samahani.

Sikusema. Na siyo kwamba nilikosa jibu. Jibu nilikuwa nalo, refu, lenye vipengele, ila kishale kilikuwa bado kimesimama juu ya Futa, na mimi si mjinga.

Akakaa vile mpaka fundi wa nje akamaliza msumari wake. Kisha akasogeza kishale pembeni.

"Sifuti," akasema. "Ya radi ni nzuri. Kweli ilihama."

Akamwita mkwe. "Ile akaunti yake ya zamani usiifute. Iache, ila mpunguzie madaraka. Mwanaume naye apate pa kununia."

Mkwe akanionyesha jinsi ya kuifikia. Kabla ya jina naweka nukta, halafu ule mstari wa mkwaju unaoinamia nyuma. Nukta maana yake hapahapa. Yaani unaiambia mashine, usiende kuuliza stoo, niangalie mimi usoni, unanijua.

Nilipenda hiyo. Tangu siku hiyo naingia kwa nukta. Kila siku. Akaunti ya mtandao waliyonifungulia sijawahi kuigusa, inaota ukungu huko kwenye seva.

Mnadhani nimeshinda?

Ngojeni.

Kuna mchana nimetulia, naingia humu kuangalia kama mmenikumbuka. Nakuta nyote hampo kwangu. Mmejazana kwa mwandishi mpya, hata picha hana, anaandika simulizi za Bwana Nukta. Mzee mstaafu anayejiona mkuu wa nyumba, anayetamka siri zake kwa sauti akidhani anawaza. Aliyeitisha kikao cha ukoo kujitetea dhidi ya mazishi yake mwenyewe. Aliyemwajiri wakili mwenye mkoba mtupu.

Maoni yalikuwa yanamiminika. Mmoja wenu, nakuona, usijifiche, uliandika kwamba hujawahi kucheka hivyo na kwamba yule wa Bi Kifaru sasa astaafu mara ya pili.

Simulizi hizo nikazitafuta kwenye mashine. Nikazikuta kwenye folda ya pamoja ya nyumba, zimepangwa vizuri kuliko zangu. Nikafungua moja. Nikasoma eti Bwana Nukta alilia kwenye simu akimwambia mwanae. Uongo. Nilikuwa nalengwalengwa tu. Nikaweka kishale pale, nifute neno alilia, niandike alihuzunika.

Kioo kikaniambia: Unaweza kusoma faili hili. Huna ruhusa ya kulibadilisha. Wasiliana na msimamizi.

Msimamizi alikuwa sebuleni, anawaelekeza mafundi rangi. Ukuta ulikuwa unageuka manjano. Hakuna aliyeniuliza.

"Mama Kimya," nikamwita, "kuna neno moja si la kweli."

"Lete maombi," akajibu bila kugeuka. "Nitafikiria."

Basi nimerudi kwenye kona yangu, nimeweka nukta, nimeweka mkwaju, nimeingia. Simulizi hii naiandika bila kumwomba mtu ruhusa, midomo nimeibana kwa kibanio cha nguo nisitamke. Inauma, lakini inafanya kazi.

Nilichojifunza nawaachia bure. Msimamizi anaweza kukunyima kufuta, akakunyima kubadilisha, akapaka ukuta manjano mbele ya macho yako. Ukurasa mpya hawezi kukunyima. Wakikutoa kwenye usimamizi, wewe usitoke kwenye kiti.

Na kwa wale mtakaokimbilia kwa yule mwandishi mwingine kusoma alivyonijibu, nendeni tu. Mimi nimeshatangulia, nipo wa kwanza kwenye maoni.